Shajara ya mradi: rotisari ya kugeuzia bodi ya Peugeot 504, na kazi ya kuibalansi

Jumamosi, bodi iko tupu

Bodi ya 504 sasa imebaki ganda tu. Injini imetoka, giaboksi imetoka, difu na miguu ya nyuma iko chini, vioo, milango, boneti, kifuniko cha buti, viti, waya, paipu za breki, tenki, kila kitu kimewekewa alama na kupangwa pembeni. Kilichobaki ni bati na kutu, na kutu yenyewe imekaa pale pabaya zaidi, sakafu ya mbele pande zote mbili, vizingiti vya milango, na mbavu za chini ya buti. Yaani karibu kazi yote iko chini ya gari. Sasa kuchomelea bati jembamba ukiwa umelala chali, cheche zinakuingia shingoni, mshono unashuka badala ya kukaa, na nusu ya muda huoni hata unachofanya, mi sitaki kazi ya namna hiyo kwenye gari ninalolipenda hivi. Kwa hiyo kabla ya kukata hata kipande kimoja tunajenga rotisari: stendi mbili, moja mbele moja nyuma, bodi inashikwa pale bampa zinapofungwa, alafu inazungushwa kwenye mhimili mmoja mpaka sakafu inakutazama usoni.

Kuna kitu nataka kiwe wazi toka mwanzo maana ndo kimeongoza mchoro mzima. Hii stendi lazima ibalansi. Nimeona nyingi ambazo bodi imefungwa popote palipopatikana tundu, kisha ikawekwa winchi au giaboksi ya kuizungusha kwa nguvu, na inazunguka kweli, ila uzito wote umeegemea upande mmoja unasubiri siku pini ikatike. Breki haibalansi kitu, giaboksi nayo haibalansi kitu, zote zinaficha tu tatizo. Bodi iliyokaa sawasawa kwenye mhimili wake inageuzwa kwa mkono mmoja, na ukiiachia inatulia pale pale.

Kuhusu gari lenyewe, 504 saloon ilitoka 1968, ina urefu wa kama mita 4.49, upana mita 1.69, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.74. Haina chesisi ya kujitegemea, sakafu na vizingiti ndo chesisi yenyewe, na hapo ndo penye hatari, ukikata kizingiti bila kuishikilia bodi kwanza inapinda na milango haitafunga tena maishani.

Jumapili, mchoro na kimo cha mhimili

Swali la kwanza ni mhimili ukae juu kiasi gani kutoka chini ili bodi ikizunguka isiguse sakafu ya karakana. Hapa usikisie, chukua kadibodi uchore bodi ukiiangalia kwa mbele, chomeka pini pale unapodhani mhimili utapita, alafu izungushe. Kona mbili ndo zinazoleta shida, ukingo wa paa na ukingo wa chini wa kizingiti. Kwa 504 nikiweka mhimili kama nusu mita juu ya chini ya kizingiti, kona zote mbili zinaangukia sentimita 94 hivi kutoka kwenye pini, karibu sawa kwa sawa. Nikaamua mhimili uwe mita 1.15 kutoka chini. Inabaki nafasi ya sentimita 21, inatosha hata kwa ule mkongo mrefu wa kuunganisha stendi mbili utakaolala chini katikati.

Nafasi inayohitajika ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Stendi mbili zimekaa mita 5 na kidogo, na bado unataka kupita nyuma ya kila stendi, kwa hiyo hesabu mita 6 na nusu za urefu na mita 3 na nusu za upana ili mtu asimame pembeni na grenda bila kubanwa.

Chuma nimechagua skwea paipu ya 80 kwa 80, unene milimita 4, kwa miguu na mlingoti wa nje, na 70 kwa 70 ya unene huo huo kwa mlingoti wa ndani unaopanda na kushuka. Hesabu ni rahisi, 80 ukitoa unene mara mbili inabaki 72, kwa hiyo ya 70 inaingia na nafasi ya milimita 2. Lakini ndani ya skwea paipu kuna mshono wa kiwandani umetokeza kama uzi, huo lazima uutoe kwa tupa ndefu, vinginevyo paipu ya ndani inaingia nusu inakwama. Na usinunue paipu ya mabati kwa kazi hii, zinki ikipata moto wa welding inatoa moshi mweupe ambao ukiuvuta unaumwa homa usiku mzima. Chuma cheusi cha kawaida, basi.

Katikati ya wiki, miguu na milingoti

Kila stendi ina mguu wa upana mita 1.6 na urefu kwenda mbele mita moja, umbo la herufi T imelala, mlingoti unasimama kwenye makutano. Pembeni ya mlingoti nimeweka mbavu za pembetatu za bati la milimita 6, pande tatu, maana hapo ndo nguvu yote inapopita.

Kuchomelea kwenyewe natumia rodi ya 6013 ya milimita 3.2. Nimeshikiza nukta nne kwanza kila kona, nikasimamisha pimamaji pande mbili za mlingoti, nikapima mshazari wa mguu, ndipo nikaanza kujaza mshono, kidogo huku, kidogo upande wa pili, naacha upoe, narudi. Mshono ukipoa unavuta, na ukijaza upande mmoja mfululizo mlingoti utaegemea huko hata kama ulikuwa umesimama wima kabisa. Mlingoti ulioegemea kwenye stendi ya kawaida si kitu, kwenye rotisari ni tatizo kubwa kwa sababu mihimili miwili, ya mbele na ya nyuma, inatakiwa iwe mstari mmoja.

Magurudumu manne kila stendi, yenye breki, na pembeni ya kila gurudumu kuna bolti ndefu ya kushusha ili stendi ikae juu ya bolti wakati wa kazi, isikae juu ya magurudumu. Magurudumu ni ya kusogezea tu. Mlingoti unapandishwa na jeki ya chupa iliyokaa pembeni, ukifika unapotaka unapitisha pini mbili kwenye matundu halafu unalegeza jeki. Uzito usibaki kwenye jeki hata dakika moja ya kazi, sili ya jeki ikivuja bodi inashuka upande mmoja na wewe uko chini yake.

Beringi, shafti na sahani ya kufungia

Hapa nimetumia muda mwingi zaidi na sijutii. Njia ya haraka ni paipu ndani ya paipu na grisi katikati, inafanya kazi, ila msuguano wake ni mkubwa na haulingani, sasa utapimaje balansi kwenye kitu kinachokwama chenyewe? Unaweza kuwa na bodi inayoegemea vibaya na paipu inaishikilia, ukadhani umebalansi. Kwa hiyo nimeenda na beringi za UCP210, zile za kufunga kwa bolti mbili zenye nyumba ya chuma cha kumimina, shafti ya milimita 50. Ndani yake beringi imekaa kwenye umbo la duara inaweza kujigeuza digrii chache ikajipanga yenyewe, faida kubwa sana kwetu.

Mpangilio: stendi ya mbele ina beringi mbili kwenye shafti moja, kwa hiyo shafti yake haiyumbi. Stendi ya nyuma ina beringi moja tu. Kwa nini moja? Kwa sababu ukiweka mbili mbili kote, tofauti ndogo tu ya mstari kati ya mbele na nyuma lazima iishie mahali, na itaishia kwenye bodi, kila ukizungusha bodi inakunjwa kidogo kushoto kisha kulia. Hiyo moja ya nyuma inajipanga, bodi haikunjwi. Ila ukifanya hivi ule mkongo wa chini unaounganisha stendi mbili si wa hiari tena, ndo unaozuia stendi ya nyuma isilale.

Shafti zilikerezwa na mzee mmoja fundi mzoefu. Nilimwambia, "Mzee wangu, nataka iingie kwenye beringi bila nyundo." Akaigusa na kalipa, akaniangalia, akasema, "Kijana, ikiingia bila nyundo na bila kucheza, basi tumeelewana." Imeingia hivyo hivyo, kwa kusukuma na kiganja. Nilimuuliza kama 50 inatosha, akacheka kidogo akasema nipige hesabu mwenyewe. Nikapiga: uzito wa upande mmoja kama kilo 140 ukining'inia sentimita 15 nje ya beringi, msongo kwenye shafti ya 50 ni kama megapaskali 17. Chuma cha kawaida kinaanza kulegea kwenye 235 na zaidi. Tuko salama mbali sana, hata bodi ikitikiswa.

Sahani ya kufungia ni duara la kipenyo cha milimita 300, unene 10, imechomelewa kwenye shafti ya mbele. Ina matundu 24, kila digrii 15, kwenye duara la nusu kipenyo 130. Ukitaka yagawanyike sawa usipime kwa digrii na protrakta, utakusanya makosa mpaka tundu la mwisho likatae. Chora duara la 130, fungua bikari milimita 33.9, tembea nayo kutoka nukta ya kwanza, ukimaliza mzunguko inatakiwa ikutane na nukta ya kwanza kabisa. Ikipita au ikipungua kidogo unarekebisha bikari kwa unywele na unaanza tena. Piga senta panchi, drili ya 5, kisha ya 10, kisha 17. Pini ni ya milimita 16.

Ile milimita moja ya nafasi kati ya pini na tundu inaonekana ndogo, lakini iko kwenye 130 na kizingiti kiko kwenye 850 hivi, kwa hiyo pale kwenye kizingiti inakuwa zaidi ya milimita 6 za kucheza. Ukiwa unapiga nyundo au unasukuma grenda inakera na inaharibu kazi. Ndo maana nimeongeza kibano pembeni ya sahani, vipande viwili vya lainingi ya breki na bolti ya kukaza kwa mkono. Pini inabeba, kibano kinatuliza. Kazi mbili tofauti.

Kichwa chenye skrubu

Sasa sehemu inayoifanya rotisari iwe rotisari. Kwenye shafti kuna sahani, kwenye sahani kuna reli mbili wima, na kwenye reli kuna msalaba unaopanda na kushuka ukisukumwa na fimbo ya uzi ya M20. Uzi wa M20 wa kawaida unapanda milimita 2.5 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo napima kwa kuhesabu mizunguko, mbele na nyuma sawa kwa sawa. Msalaba wenyewe una matundu marefu ya kuusogeza kushoto na kulia milimita 30 kila upande. Kwenye msalaba kuna mikono miwili inayoenda kwenye matundu ya bampa, bolti zote ni M12 za gredi 8.8, na ukishapata mahali pake unakaza bolti nne za kubana msalaba kwenye reli. Fimbo ni ya kusogezea, bolti za kubana ndo zinashika.

Wengi wanaweka matundu ya kuchagua kila sentimita 5. Mi naona hiyo ndo sababu wanaishia kununua giaboksi. Sentimita 5 za kukosea na bodi ya kilo 280 ni kilo-mita 14 (kilo mara mita, yaani nguvu ya kupindua), kwenye pini iliyokaa milimita 130 inakuwa zaidi ya kilo 100 zinasukuma pini upande mmoja muda wote, na unapotaka kugeuza unahitaji watu wawili wazima, mmoja akiteleza ndo basi. Kwa skrubu unaifikia milimita unayoitaka.

Kabla ya kupandisha bodi kila kichwa kimejaribiwa. Tumening'iniza vyuma vya kilo 300 hivi kwenye kila kimoja, yaani mara mbili ya kitakachobeba, tukaviacha usiku kucha, asubuhi nikapita kila mshono na brashi ya waya na tochi natafuta ufa mwembamba. Hakuna.

Wikendi, kuifunga bodi ndani na kuipandisha

Kabla ya bodi kuondoka chini nimeweka vishikizo ndani, skwea paipu ya 25, kutoka nguzo ya mbele hadi ya katikati kila mlango, mshazari mmoja kwenye kila uwazi, na mbili zinavuka kutoka kushoto kwenda kulia. Vipimo vya mshazari vya kila uwazi wa mlango nimeandika kwa chaki kwenye paa kwa ndani, ili muda wowote niweze kupima tena nione kama kuna kilichosogea.

Sehemu za kufungia bampa nazo zimekaguliwa kwa bisibisi na nyundo ndogo. Bati zima linalia kwa sauti kali, bati lililooza linatoa sauti ya kadibodi. Nyuma kushoto palitoa sauti mbaya, kwa hiyo pale pamewekwa bati jipya la milimita 2 kwanza, likachomelewa mpaka kwenye chuma kizima, ndo mkono ukafungwa. Huwezi kuning'iniza gari kwenye kutu ukaenda kulala.

Bodi tuliipima uzito wakati wa kuinyanyua, mizani ya ndoano mbele ilisoma 138, nyuma 142. Jumla 280. Hiyo namba iandike mahali, utaihitaji sasa hivi.

Kuunganisha stendi: kamba imevutwa kutoka katikati ya shafti ya mbele hadi ya nyuma, pimamaji juu ya kila shafti, kisha bolti za chini zinashushwa mpaka zote zikae mstari mmoja. Mkongo wa chini ukafungwa mwisho.

Siku ya kubalansi

Hii siku nilikuwa naisubiri. Mhimili tulianza nao sentimita 54 juu ya chini ya kizingiti, makusudi juu kidogo, kwa sababu mhimili ukiwa juu ya kitovu cha uzito (ile nukta ambayo uzito wote wa bodi unalingana) bodi inaning'inia, ukiiachia inarudi miguu chini. Ukiwa chini ya kitovu cha uzito bodi inataka kupinduka paa chini, na inapinduka kwa ghafla, ikishaanza haikusubiri. Anza upande salama.

Tukaitoa pini, dogo ninayefanya naye kazi ameshika kizingiti cha kushoto na mi cha kulia, tukaizungusha polepole mpaka digrii 90, bodi imelala ubavu. Kwenye digrii 90 ndo pa kupimia kimo, kwa sababu hapo kile kimo cha kitovu cha uzito juu au chini ya mhimili kimegeuka kuwa umbali wa pembeni, na kinavuta kwa nguvu yake yote. Sakafu ilikuwa inataka kushuka. Nikafunga mizani ya ndoano upande wa sakafu, kwenye mkono wa chuma niliopima sentimita 80 kamili kutoka mhimili, nikavuta wima kwenda juu. Ikipanda taratibu ilisoma 15. Ikishuka taratibu ilisoma 13. Tofauti hiyo ni msuguano wa beringi, unachukua katikati, 14.

Dogo akauliza, "Kaka, sasa hiyo 14 inatuambia nini?" Nikamwambia zidisha 14 kwa 0.8, ni kilo-mita 11.2. Gawanya kwa 280, unapata 0.04. Kitovu cha uzito kiko sentimita 4 chini ya mhimili. Alitulia kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo tunaipandisha bodi sentimita 4." Ndiyo, karibu. Na angalia unagawanya kwa uzito gani, ni uzito wa kile kinachosogezwa na skrubu, yaani bodi, usijumlishe shafti na sahani ambazo hazisogei.

Sikupandisha zote 4. Napenda kuacha kidogo, kati ya milimita 5 na 10, kitovu cha uzito kikae chini ya mhimili hivyo, ili siku mtu akitoa pini bila kushika, bodi irudi yenyewe taratibu magurudumu-chini na isiende kichwa-chini. Kwa hiyo tukairudisha wima, pini ndani, tukalegeza bolti za kubana, tukazungusha fimbo mizunguko 13 mbele na 13 nyuma kwa zamu, mbili huku mbili kule ili bodi isikae mshazari. Hiyo ni milimita 32.5. Tukakaza, tukarudi digrii 90, mizani ikasoma 2.6. Ndo hesabu ilivyosema.

Kushoto na kulia kunapimwa bodi ikiwa wima, kizingiti kikiwa sawa na pimamaji. Mabano ya pedali na ya usukani bado yako ndani upande wa dereva kwa hiyo nilitegemea upande huo uwe mzito kidogo, na kweli, kilo 1.5 kwenye sentimita 80. Hiyo ni milimita 4, msalaba ukasogezwa kwenye matundu yake marefu, kwisha.

Alafu tukaizungusha mzunguko mzima. Dogo kwa mkono mmoja, anasukuma kwenye kizingiti, bodi ya gari zima inapita mbele yake bila mlio, paa linapita juu ya zege kwa nafasi ile ile tuliyochora kwenye kadibodi. Akaiachia kwenye digrii 45, ikakaa sekunde kadhaa, kisha ikaanza kurudi pole pole kabisa. Nilifurahi sana kwa kweli, sijawahi kuona sakafu ya gari hili kwa mwanga wa mchana mpaka siku hiyo.

Vipimo vya mshazari milangoni nikavipima upya wima, ubavu na kichwa-chini. Havijasogea.

Wiki iliyofuata, lami na waya wa welda

Lami ya chini inatoka vizuri bodi ikiwa ubavu, hita ya moto na kikwaruzio kipana, inaanguka sakafuni haikuangukii wewe. Nayo ina uzito, ukiitoa yote kitovu cha uzito kinapanda juu kidogo, kwa hiyo kila hatua kubwa ikiisha napima digrii 90 tena.

Jambo ambalo lazima niliandike kwa msisitizo: kibano cha ethi cha welda kifungwe kwenye bodi yenyewe, karibu kabisa na pale unapochomelea, kwenye chuma kilichokwanguliwa. Kamwe usikifunge kwenye mguu wa stendi. Ukikifunga kwenye stendi umeme wa welda unatafuta njia kupitia beringi, unaruka kati ya gololi na njia yake, unachoma vidoa vidogo, na baada ya muda beringi inazunguka kwa kukwaruza. Beringi ikianza kukwaruza mizani yako haisomi ukweli tena.

Kabla ya kukata sakafu

Leo nimekaa na daftari tu. Vipande vya sakafu vinavyotoka ni kama kilo 22, na viko sentimita 40 chini ya mhimili. Kuviondoa kunatoa kilo-mita 8.8 upande wa chini. Sasa hivi upande wa chini unazidi kwa 2.1 tu, kwa hiyo vikishatoka vyote paa ndo linakuwa zito, kwa kilo-mita 6.7. Gawanya kwa kilo 258 zitakazobaki, kitovu cha uzito kitakuwa sentimita 2.6 juu ya mhimili. Yaani bodi ambayo leo inarudi yenyewe wima, baada ya kukata itataka kupinduka.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Sakafu inakatwa upande mmoja kwanza, bodi ikiwa ubavu, pini ndani, kibano kimekazwa, na mkanda wa kufungia mizigo kutoka kila kizingiti hadi mguu wa stendi. Upande ukiisha, kabla ya kufungua mkanda tunaweka mifuko ya mchanga ya kilo 11 pale pale bati lilipotoka, imefungwa kwenye vishikizo, bodi inabaki na balansi yake na tunaweza kuirudisha wima salama. Kisha upande wa pili hivyo hivyo. Zote mbili zikiisha, bodi iko wima, skrubu zinashushwa mizunguko 13 na nusu mbele na nyuma ndipo mifuko inatolewa, tunapima digrii 90, na namba ninayoitafuta kwenye mizani ni karibu na 2.5 upande wa sakafu.

Bati jipya likiingia ni unene ule ule, kwa hiyo skrubu zitarudi juu karibu mizunguko ile ile. Mifuko imeshajazwa na kupimwa, diski za kukatia zipo, mistari ya kukata imechorwa. Kesho asubuhi upande wa dereva.